Swichi ya geti kwenye usukani wa pikipiki

Swali, kutoka kwa msomaji wa Sahare, Tanga:

"Shikamoo fundi. Nakwenda kazini kwa pikipiki ya cc 125, na kwa ajili ya zamu mara nyingi narudi usiku. Geti letu ni la kuteleza, la mota, na rimoti yake nimeiweka kwenye fungu moja na funguo ya pikipiki. Nikifika inabidi nizime, nichomoe funguo ndipo nibonyeze, na siku za mvua ni kujipapasa chini ya koti huku nimelowa. Nataka swichi ya kufungulia geti iwe kwenye usukani, karibu na kidole gumba. Rafiki yangu anasema inaungwa kwenye kitufe cha kupigia fulu ya taa ya mbele. Fundi mmoja wa mtaani anasema rimoti itolewe betri yake ipewe umeme wa pikipiki moja kwa moja. Nifuate lipi? Na pikipiki ikiibwa je?"

Jibu la fundi:

Marahaba, binti yangu. Jambo lako linawezekana, na vifaa vyake ni vichache: rimoti ya pili ya geti, rilei ndogo ya volti 12 (swichi inayojifunga yenyewe koili yake ikipata umeme), daiodi moja (inayopitisha umeme upande mmoja tu), swichi ya kubonyeza, fyuzi na mita chache za waya. Ila naanza na lile uliloliuliza mwisho, la wizi, kwa kuwa ndilo linaloamua kila waya upite wapi.

Rimoti iliyo kwenye fungu la funguo unaondoka nayo. Swichi ya usukani inabaki na pikipiki popote utakapoiegesha. Siku umeiacha nje ya geti kwa sababu ndani kuna gari la mgeni, mtoto wa jirani akibonyeza kwa mchezo geti litafunguka. Na mwizi akiisukuma bila funguo, halafu akakuta chini ya siti kadi yenye jina lako na karatasi nyingine zinazoonyesha unakoishi, ameshapata pikipiki pamoja na njia ya kuingia nyumbani. Kwa hiyo sharti ninaloliweka mbele ya mengine yote ni hili: ukichomoa funguo, swichi ife. Mpango usiotimiza hilo usiukubali, hata uwe rahisi vipi.

Ndiyo maana sipendi njia inayotumiwa na wengi, ya kufungua rimoti, kulehemu nyaya mbili kwenye kitufe chake na kuzivuta mpaka kwenye swichi ya usukani. Itafanya kazi siku hiyohiyo, na umeme wa pikipiki hauguswi kabisa. Lakini rimoti ina betri yake, kwa hiyo swichi iko hai usiku na mchana. Hata ukiificha, mtu akizikata zile nyaya mbili na kuzigusanisha, geti linafunguka. Tena waya mrefu unaotoka kwenye kitufe huivuruga antena ya rimoti, ambayo mara nyingi ni mstari tu wa shaba uliopitishwa kwenye bodi yake, na utashangaa rimoti iliyokuwa ikishika ukiwa mbali sasa inataka uligusishe geti tairi.

Ushauri wa yule fundi wa mtaani nao una shida. Rimoti za mageti huwa na betri ya namna mbili: ile nyembamba ya volti 12 iitwayo 23A au 27A, au ile bapa ya volti 3, CR2032. Pikipiki tunaiita ya volti 12, lakini injini ikiunguruma pima kwenye betri: utaona kati ya 13.5 na 14.5, na kila ukipiga stata au honi umeme unaruka juu na chini. Rimoti ya volti 3 ukiipa huo inakufa papo hapo. Ya volti 12 inaweza kuvumilia kwa muda, lakini ili idumu itabidi uwekewe rezista na daiodi ya zena ya kuushika umeme usipande. Kwa nini tuhangaike hivyo wakati rimoti ina betri yake inayotosha? Iache nayo.

Rilei ndiyo inayoyapatanisha haya yote. Rimoti inabaki na betri yake, inakaa karibu kabisa na rilei, na rilei ndiyo inayobonyeza kitufe kwa niaba yako. Umeme wa pikipiki unafika kwenye koili ya rilei tu, haugusani na rimoti hata kidogo. Na umeme huo unachukuliwa kwenye waya unaokuwa hai pale tu funguo ikiwa imewashwa. Swichi ya usukani kazi yake ni kuipeleka koili kwenye hasi. Sasa mwizi hata akizikata nyaya za swichi na kuzigusanisha mchana kutwa, bila funguo hakuna kitu, maana upande wa chanya umekufa. Koili ya rilei ndogo ya aina hiyo inakula karibu miliampea 30, wakati taa yako ya mbele ikiwa ya wati 35 inakula karibu ampea 3. Betri ya pikipiki haitahisi.

Kabla ya kununua rilei, shughulikia rimoti. Usiitoe mhanga hiyo uliyo nayo, na usikubali fundi aifungue kama ndiyo pekee nyumbani. Tafuta ya pili. Hapa inategemea geti lenu. Fungua kifuniko cha rimoti ya sasa: ukiona ndani safu ya viswichi vidogo vyeupe vya kusukuma juu na chini, kodi yake, yaani namba ya siri inayoirusha kwa geti, haibadiliki, na rimoti yoyote ya masafa ya mawimbi yaleyale na ya namna hiyohiyo ukiipanga viswichi sawasawa itaelewana na geti. Hata bila viswichi hivyo, zipo zenye kodi moja ya kudumu ambazo rimoti za kunakilia zinaweza kuzinakili. Lakini nyingi za siku hizi hubadilisha kodi kila unapobonyeza. Hizo hazinakiliki kwa rimoti za bei ndogo. Inatakiwa rimoti ya aina ileile isajiliwe kwenye risiva ya geti, yaani kile kinachopokea mawimbi ya rimoti, kwa kubonyeza kitufe cha kufundishia kilicho kwenye bodi ya mota. Mwite aliyewafungia geti, ni kazi ya dakika chache. Masafa yamechapwa nyuma ya rimoti au ndani yake, na kwa mageti yetu mengi ni megahezi 433.92.

Nimeyataja masafa kwa sababu ya rafiki yako wa fulu. Marekani kuna vifaa vilivyotengenezwa kiwandani kwa ajili ya jambo hilihili: unakiunga kwenye waya wa fulu, ukipiga fulu mara mbili haraka mlango wa gereji unafunguka. Ni wazo zuri kwa mtu asiyetaka kutoboa wala kuongeza swichi. Lakini milango ya huko hutumia zaidi megahezi 315 au 390, kwa hiyo ukiletewa zawadi kifaa cha huko hakitaongea na geti la Sahare. Na mafundi wa huku wanaoiga wazo hilo huunga rilei kwenye waya wa fulu tu, bila kile kijisaketi kinachohesabu mipigo. Matokeo yake, ukitembea usiku na fulu kutoka Pongwe hadi Kange, rimoti inarusha mawimbi njia nzima. Betri yake inakwisha, na kila unapowasha fulu upya ile kodi inayobadilika inasogea mbele na kuiacha risiva nyuma. Ukifika karibu na nyumbani bado unarusha, rimoti za majirani zilizo kwenye masafa hayohayo zinashindwa kusikika. Kisha kuna pikipiki ndogo ambazo taa ya mbele haipati umeme wa betri, inapata moja kwa moja kutoka kwenye koili za injini. Utaitambua kwa kuwa taa inafifia injini ikipunguza mwendo na inang'aa ukivuta mafuta. Umeme huo ni wa kwenda na kurudi, na rilei ya kawaida ukiipa inatetemeka na kulia, haikamati. Kwako fulu iachwe ifanye kazi ya fulu.

Sasa kazi yenyewe.

Ndani ya rimoti kuna kitufe kidogo cha mraba chenye miguu minne. Miguu hiyo imeungana miwili miwili kwa ndani, na hapo ndipo wengi wanapokosea, wakalehemu nyaya kwenye miguu miwili ya upande mmoja. Hapo ukibonyeza swichi hakuna kinachotokea, kwa kuwa miguu hiyo tayari imeungana. Chagua miguu inayokabiliana kwa pembe, kutoka kona hadi kona, hiyo haidanganyi. Kabla ya kulehemu, gusisha kipande cha waya kwenye miguu hiyo miwili: kijitaa cha rimoti kikiwaka na geti likiitika, umepata. Lehemu kwa pasi yenye ncha nyembamba, haraka, bila kuikandamiza bodi. Fundi redio au fundi simu ataifanya vizuri kuliko fundi pikipiki, na hapo Ngamiani hutakosa mmoja. Mwambie atumie waya laini wenye nyuzi nyingi, usizidi urefu wa kidole, na azisokote nyaya mbili pamoja.

Nyaya hizo zinakwenda kwenye miguu miwili ya rilei ambayo imeachana wakati rilei imelala na kushikana inapoamka. Rilei ya miguu mitano ina pia mguu unaofanya kinyume chake. Ukiukosea, rimoti itarusha muda wote isipokuwa unapobonyeza. Pima kwa mita kwanza.

Upande wa koili, mguu mmoja unapata chanya ya baada ya funguo, kupitia fyuzi ya ampea 1 iliyowekwa karibu kabisa na pale ulipochukulia umeme. Mguu wa pili unakwenda kwenye swichi ya usukani, na kutoka kwenye swichi unakwenda hasi. Juu ya miguu hiyo miwili ya koili weka daiodi 1N4007, mstari wake mweupe ukiangalia chanya. Koili inapoachiwa hutema umeme mkali kwa nukta moja, na daiodi inaumeza. Ukiigeuza, fyuzi itakatika mara ya kwanza tu unapobonyeza, kwa hiyo hutakosa kujua.

Kuhusu kuipata hiyo chanya ya baada ya funguo, nakuomba usimwache mtu akisie kwa rangi. Fundi aliyezoea magari anaamini waya mweusi ni hasi. Kwenye Honda, na kwenye pikipiki nyingi za Kichina zilizofuata mpango wake, waya mweusi ndio chanya inayotoka kwenye swichi ya funguo, na hasi ni ule wa kijani. Kwenye Yamaha chanya hiyo ni kahawia, na mweusi ndio hasi. Rangi zinazodanganya ni nyingi zaidi kwenye pikipiki iliyokwisha kupita mikononi mwa mafundi kadhaa. Weka mita kwenye volti za betri, ncha nyeusi kwenye hasi ya betri, ncha nyekundu kwenye waya unaoushuku: funguo imezimwa isome sifuri, imewashwa isome 12 na zaidi kidogo, injini ikiwaka isipite 15. Ukimaliza, zima na upime tena. Lazima irudi sifuri, la sivyo sharti letu la kwanza limevunjika.

Swichi iwe ya kubonyeza na kuachia, yenye kofia ya mpira. Isiwe ya kuwasha na kuzima, kwa sababu siku utakayoisahau imewashwa rimoti itarusha mpaka betri ife. Iweke mkono wa kushoto, upande wa ndani kuliko honi na indiketa, mahali ambapo gumba linaifikia kwa kukusudia tu. Mkono wa kulia una mafuta na breki. Usiupe kazi nyingine ukiwa unaingia kwenye kona ya geti. Na bonyeza kwa kama nusu sekunde, kisha subiri. Mageti mengi ya kuteleza hufuata mpangilio wa fungua, simama, funga, simama; ukibonyeza mara ya pili kwa pupa utalisimamisha njiani. Ila kama rimoti ni ya kodi inayobadilika na ilibonyezwabonyezwa mbali na geti, geti likikataa mara ya kwanza bonyeza tena baada ya kupumua. Mara nyingi risiva inajipanga upya kwa mibonyezo miwili inayofuatana.

Mahali pa kuficha rimoti na rilei: chini ya kava la plastiki la ubavuni lenye kufuli, au chini ya siti kama siti yako inafungwa kwa funguo. Usiviweke chini ya tanki wala ndani ya boksi la chuma, kwa kuwa chuma kinazuia mawimbi. Viweke mbali pia na koili ya plagi na waya wake mnene, ambao cheche zake huchafua mawimbi injini ikiwaka. Ndiyo maana inafaa kujaribu umbali mara mbili, injini ikiwa imezimwa na ikiwa inaunguruma. Kama umbali unapungua sana ikiunguruma, sogeza rimoti, usikimbilie kununua nyingine.

Waya wa kwenda kwenye usukani ufuate njia ya nyaya za kiwandani, kisha kata usukani kushoto mpaka mwisho na kulia mpaka mwisho uone kama unavutika au unabanwa. Usiufunge pamoja na kebo ya mafuta hata kama nafasi inaonekana ipo. Kebo ya mafuta ikikwama kwa sababu ya waya wa geti, unaweza kuumia.

Kwa aliye Sahare, Raskazone au popote karibu na maji, chumvi ni adui wa kazi hii kuliko mvua yenyewe. Upepo wa bahari unaibeba mpaka ndani ya makava, na shaba iliyosokotwa ikafungwa tepu nyeusi huota kutu ya kijani kwa ndani huku nje inaonekana nzima. Joto nalo linalainisha gundi ya tepu mpaka inateleza. Kila kiungo kilehemiwe, kisha kivikwe ule mrija wa plastiki unaosinyaa kwa moto. Rimoti na rilei vikae ndani ya kiboksi cha plastiki, nyaya zikitokea chini ili maji yasiwe na njia ya kushukia ndani. Ukiziba kwa silikoni, inuse kwanza: ile inayonuka siki usiitumie, kwa sababu inapokauka inatoa asidi inayokula shaba na miguu ya bodi. Ipo isiyo na harufu hiyo, omba hiyo. Kiboksi kisizibwe moja kwa moja, maana betri ya rimoti utaibadilisha. Ibadilishe betri hiyo kabla masika hayajaanza mwezi wa tatu, hata kama bado inafanya kazi. Na vijana wa kuosha pikipiki kwa mashine ya presha waambie wasielekeze maji kwenye swichi wala kwenye kava hilo.

Geti lenyewe likague kabla hujaanza kuingia bila kushuka. Yale macho mawili ya usalama, moja kila upande wa geti, yanatakiwa kulizuia lisijifunge mtu akiwa katikati. Pikipiki ni nyembamba, na kama geti lenu limepangwa lijifunge lenyewe baada ya muda, macho yaliyochafuka au yaliyokatwa na fundi kwa sababu "yanasumbua" yanaweza kukuletea geti ubavuni. Jaribu kwa kupitisha ufagio mbele yake geti likijifunga. Lisiposimama, hilo lirekebishwe kwanza na swichi isubiri. Usibonyeze pia kabla hujaliona geti kwa macho yako, hata kama mawimbi yanafika. Mtoto anaweza kuwa ameliegemea kwa ndani. Na kwa wewe unayerudi usiku, ukihisi kuna mtu anakufuata, pita geti lako uendelee mpaka penye watu.

Umeme wa TANESCO ukikatika na mota haina betri ya akiba, swichi ya usukani haitakusaidia kitu. Beba funguo ya mlango mdogo, na ujifunze kufungua kile kifuniko cha mota kinachoiachia geti lisukumwe kwa mkono. Jifunze mchana, wakati hujalazimika.

Na ikitokea pikipiki imeibwa, usitegemee tu kwamba funguo uko nayo, kwani swichi ya funguo inaweza kuvunjwa, na rimoti iliyo ndani ina kitufe chake. Siku hiyohiyo ifute kwenye kumbukumbu ya risiva. Kwa risiva nyingi unashikilia kile kitufe cha kufundishia kwa sekunde kadhaa mpaka taa yake ibadilike, na rimoti zote zinafutika kwa pamoja, kisha unazisajili upya moja moja zile mlizobaki nazo. Kama rimoti zenu ni za viswichi vyeupe, badilisha mpangilio wa viswichi kwenye risiva na kwenye kila rimoti iliyobaki. Mwambie fundi wa geti akuonyeshe hilo siku atakapokuja kusajili ya pili, na wewe ulifanye mbele yake. Karatasi zenye jina na anwani zihamishe kutoka chini ya siti tangu leo. Unapotembea na pikipiki ziwe kwenye mkoba wako.